Oscar ya Jumatatu: Lupita nampa, Barkhad namwombea

Wasomaji wangu, safari hii nawaandikia kutoka bara, wala si bara ya Nairobi. Niko Kianjokoma, juu ya mji wa Embu, mahali ambapo mashamba ya kahawa yanaishia, majani chai yanaanza, na ukizidi kupanda unakutana na msitu wa Mlima Kenya. Kibarua cha stima ndicho kilichonileta. Baridi ya huku ikishuka saa kumi na moja jioni, mtu wa pwani unatafuta ukuta wa jikoni uuegemee. Kofia yangu imetosha kunipa jina. Hapa hakuna anayenijua kwa jina la babangu, mimi ni "Mombasa" tu.

Kwenye hoteli ninapokunywa chai, gumzo tangu tarehe 16 Januari ni moja: Lupita Nyong'o. Siku hiyo orodha ya walioteuliwa kuwania tuzo za Oscar ilisomwa kule Marekani, na kwa mara ya kwanza likasikika jina la Mkenya katika uigizaji. Ameteuliwa kuwa mwigizaji msaidizi bora wa kike kwa filamu ya 12 Years a Slave. Tuzo zenyewe ni Jumapili hii usiku huko Los Angeles, yaani kwetu Jumatatu alfajiri, tarehe 3 Machi 2014.

Lililonichekesha ni hili. Mwezi Machi mwaka jana tulipopiga kura, upande huu wa mlima ulikuwa wa Jubilee karibu wote, na jina la Profesa Anyang' Nyong'o, baba yake Lupita, ambaye katika kura hizo alichaguliwa seneta wa Kisumu kwa tiketi ya upinzani, halikuwa la kushangiliwa hapa. Leo mwenye hoteli ananiambia, "Mombasa, msichana wetu anachukua ile kitu." Msichana wetu! Nikamwambia hewala, lakini atachukuaje? Akasema atachukua kwa sababu ni mzuri na ni Mkenya. Hapo ndipo nilipoona nina kazi ya kuandika, kwa sababu hata nyumbani Mombasa nikipiga simu nasikia hoja hiyo hiyo, na kwa yule mwingine, Barkhad Abdi, nasikia kinyume chake.

Maana walioteuliwa kutoka pande zetu ni wawili. Barkhad, kijana Msomali mzaliwa wa Mogadishu, anawania tuzo ya mwigizaji msaidizi bora wa kiume kwa filamu ya Captain Phillips. Yeye hapa Kianjokoma hana "wetu".

Tuanze na namna tuzo zinavyopatikana, kwa sababu anayetaka kutabiri asitazame sinema peke yake, amtazame mpiga kura. Oscar hutolewa na Akademia ya filamu ya Marekani, ambayo mwaka 2014 ilikuwa na wanachama kama 6,000, wamegawanyika kwa fani: waigizaji kwao, waongozaji kwao, wapiga picha kwao, na kadhalika. Kuteua ni kama mchujo wa chama. Waigizaji ndio wanaoteua waigizaji, na kundi lao ndilo kubwa kuliko yote, zaidi ya watu 1,000. Ukishapita mchujo unaingia uchaguzi mkuu, na hapo kila mwanachama anapiga kura, awe mwigizaji, mshonaji wa mavazi au fundi wa sauti. Kwa uigizaji hakuna asilimia hamsini na kura moja, wala duru ya pili. Anayeongoza ndiye mshindi, kama mbunge. Kura zilifungwa juzi Jumanne, kwa hivyo tunapobishana hivi mshindi keshapatikana, ila karatasi iko ndani ya bahasha.

Na wapiga kura hao ni kina nani? Mwaka 2012 gazeti la Los Angeles Times liliwachunguza, likakuta kama asilimia 94 ni wazungu, asilimia 77 ni wanaume, na umri wao wa kati ni miaka 62. Ndio wazee wa baraza lenyewe. Hawapigi kura Kisumu, wala Kianjokoma, wala Eastleigh.

Kwa kuwa hatuwezi kuchungulia bahasha, tunatazama chaguzi ndogo zilizotangulia. Ziko nyingi, lakini hazina uzito sawa. Golden Globe mwaka 2014 ilitolewa na waandishi wa habari wa kigeni wasiofika mia, na hakuna hata mmoja wao aliyepiga kura ya Oscar kwa uandishi wake. Zile za Uingereza, BAFTA, zina watu kadhaa walio pia ndani ya Akademia. Ya kuangaliwa hasa ni tuzo ya chama cha waigizaji wa Marekani, kwa sababu hapo ni waigizaji wanaowapima wenzao, na waigizaji ndio wengi kule kwenye uchaguzi mkuu.

Haya, Lupita. Golden Globe ya tarehe 12 Januari ilikwenda kwa Jennifer Lawrence wa filamu ya American Hustle. Siku nne baadaye wahakiki wa filamu wakampa Lupita. Tarehe 18 Januari chama cha waigizaji nacho kikampa Lupita. Halafu tarehe 16 mwezi huu Waingereza wakamrudia Lawrence. Mbili kwa mbili. Wengine walioteuliwa pamoja nao ni Julia Roberts, Sally Hawkins na mama June Squibb wa miaka 84, lakini hao sioni njia yao. Mchuano ni wa wawili.

Mimi nampa Lupita, na nina sababu mbili. Ya kwanza ni ile ya chama: miaka minne mfululizo iliyopita, mwanamke aliyepewa na chama cha waigizaji katika nafasi hii ndiye aliyechukua Oscar. Mo'Nique, Melissa Leo, Octavia Spencer, Anne Hathaway. Ya pili ni kwamba Lawrence amechukua Oscar mwaka jana tu, tena ile kubwa ya mwigizaji mkuu, akiwa na miaka 22. Kumpa mwigizaji Oscar mbili kwa miaka miwili mfululizo ni jambo ambalo wazee hawa wamelifanya mara tano tu tangu tuzo zianze mwaka 1929. Tom Hanks ndiye wa mwisho kubahatika, mwaka 1995. Wakikumbuka kwamba binti huyu bado ana umri wa kusubiri, mkono utawaendea kwingine.

Lakini sitaki mfikiri ni hesabu tupu. Kazi yenyewe ipo. Lupita anaigiza Patsey, mtumwa katika shamba la pamba huko Louisiana, katika kisa cha kweli cha Solomon Northup, mtu huru aliyetekwa na kuuzwa mwaka 1841. Filamu niliitazama hapa hapa, kwenye kompyuta, chumba cha nyuma cha hoteli, tukiwa watu tisa. (Nakala ilikuwa ya magendo. Nakiri, na najua ninavyojisuta mimi ninayelalamika kila siku kwamba wasanii wetu wanaibiwa.) Kati ya hao tisa walikuwamo kina mama watatu wanaochuma majani chai.

Kuna pahali watumwa wanarudi jioni na vikapu, kila kikapu kinapimwa, na bwana anasomewa hesabu ya kila mtu. Patsey, na wembamba wake ule, amechuma ratili zaidi ya 500, kuliko mwanamume yeyote. Waliopungukiwa wanakwenda kuchapwa. Mama mmoja akaruka kwenye kiti. "Mizani hiyo! Angalieni huyo karani!" Wenziwe wakacheka, kisha wakanyamaza. Maana wao kila siku wanashuka na vikapu mgongoni hadi kituo cha majani, wanasimama foleni, na kilo zao zinaandikwa na mtu mwingine. Hakuna aliyesema kuchuma chai ni utumwa, wala mimi sisemi. Wao wanarudi nyumbani na pesa yao, hata ikiwa kidogo. Lakini kuanzia hapo hawakumtazama tena Lupita binti wa seneta. Walimtazama mchumaji hodari kuliko wote shambani, ambaye uhodari wake haumsaidii kitu, unamzidishia macho ya bwana na wivu wa bibi.

Halafu ile ya sabuni. Patsey ametoweka Jumapili, bwana Epps amepandwa na wazimu, na anaporudi ana kipande cha sabuni mkononi. Bibi mwenye nyumba amemnyima ya kuogea, naye amekwenda kuomba shamba la jirani. Anajitetea kwamba anachuma pamba nyingi kuliko wote, na alichotaka ni kuwa safi tu. Kinachofuata baada ya hapo, yaani viboko, wengi ndicho wanachokitaja. Mimi nawaambia tuzo ameichuma kabla ya kiboko cha kwanza, katika yale maneno ya sabuni, kwa sababu hapo haombi huruma, anadai haki yake. Yule mama aliyetaja mizani alitoka nje. Aliporudi akaniuliza, "Mombasa, na huyu ni Mkenya kweli?" Nikamwambia kweli, ingawa alizaliwa Mexico baba yake akisomesha huko, ndipo akapata hilo jina, na Wamexico nao wanamdai. Amekulia hapa Kenya, mtamkumbuka kwenye Shuga ya mwaka 2009. Mwaka huo huo akatengeneza In My Genes, filamu ya hali halisi kuhusu wenzetu wenye ulemavu wa ngozi. Kisha akaenda kusomea uigizaji chuo kikuu cha Yale, akamaliza 2012. Hii ndiyo filamu yake kubwa ya kwanza. Kesho kutwa, Jumamosi, anatimiza miaka 31.

Sasa nije kwa huyu asiyekuwa na wenyewe.

Captain Phillips niliionea kwenye kibanda cha video, ikiwa na sauti ya mmoja wa wale madijei wanaosimulia juu ya sinema. Kibanda kilijaa vijana. Kila Barkhad alipotokea, kuna aliyegeuka nyuma kunitazama. Mwishoni, wadunguzi wa jeshi la maji walipowaua maharamia watatu, watu wakapiga makofi, na kijana mmoja akanishika bega akasema, "Pole, Mombasa, ndugu zako wameenda." Alikuwa anatania, na mimi nilicheka. Nikatoka na kicheko hicho kikanikaa vibaya njia nzima. Miezi mitano baada ya Westgate, kofia na jina la Kiislamu vinatosha kumfanya mtu akuhesabie undugu na haramia wa kwenye filamu. Huko pwani mnalijua hili kuliko ninavyoweza kulieleza.

Basi hebu niwarudishe nyuma kidogo, kwa sababu kisa hiki kilipita mlangoni petu. Ile meli, Maersk Alabama, ilikuwa inakuja Mombasa. Ilibeba chakula cha msaada, na ilivamiwa tarehe 8 Aprili 2009. Mabaharia waliikomboa meli yao, lakini nahodha Richard Phillips akachukuliwa kwenye mashua ya kuokolea maisha. Jumamosi ya tarehe 11 usiku meli ikatia nanga Kilindini bila nahodha wake. Nilikuwa mjini, na nakumbuka waandishi wa nchi zote walivyojazana kwenye lango la bandari. Kesho yake nahodha akaokolewa. Haramia wa nne, Abduwali Muse, alikamatwa hai, akapelekwa Marekani, na mwaka 2011 akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 33. Huyo Muse ndiye anayeigizwa na Barkhad.

Barkhad hakuwa mwigizaji. Familia yake ilikimbia vita kwenda Yemen akiwa mtoto, kisha mwaka 1999 wakaingia Minneapolis, kwenye Wasomali wengi kuliko mji mwingine wowote wa Marekani. Ameuza simu, ameendesha magari ya kifahari ya kukodi. Akasikia kwamba wanatafutwa Wasomali wa kuigiza, akaenda kujaribu pamoja na watu zaidi ya 700. Wakachaguliwa wanne, yeye na rafiki zake watatu. Mwongozaji Paul Greengrass hakuwaonyesha Tom Hanks hata siku moja mpaka siku ya kupiga picha ya uvamizi, ili watakapoingia kwenye usukani wa meli pande zote mbili ziwe na hofu ya kweli. Na yale maneno yake yaliyoenea dunia nzima, kumwambia nahodha kwamba kuanzia sasa nahodha ni yeye, hayakuwemo kwenye maandishi. Alijitungia papo hapo.

Mkiitazama tena, msitazame bunduki. Tazameni macho yake anapogundua kwamba kazi imemshinda na hakuna njia ya kurudi nyuma, kwa kuwa ana wakubwa wanaomsubiri pwani wakitaka pesa. Nahodha anamwambia lazima kuna kazi nyingine zaidi ya kuvua samaki na kuteka watu. Yeye anajibu kwamba labda huko Marekani. Analisema bila hasira, kama mtu anayekutajia bei ya unga. Tom Hanks ana Oscar mbili nyumbani, na katika filamu hii hii hakuteuliwa. Kijana muuza simu ndiye aliyeteuliwa.

Atashinda? Sidhani. Aliyeshika nafasi hiyo ni Jared Leto wa Dallas Buyers Club. Golden Globe kapewa, wahakiki wamempa, chama cha waigizaji kimempa. Barkhad amepata BAFTA siku kumi na moja zilizopita, na nilifurahi mno, lakini tusijidanganye: Leto hakuwemo kwenye orodha ya Waingereza. Ni kama kushinda ugavana mpinzani wako mkubwa akiwa hakugombea. Michael Fassbender, Bradley Cooper na Jonah Hill nao wamo, ila hao ni wasindikizaji.

Tundu ya matumaini ipo, ndogo. Mwaka jana chama cha waigizaji kilimpa Tommy Lee Jones, na Oscar ikaenda kwa Christoph Waltz. Na katika nafasi hii hii ya mwigizaji msaidizi wa kiume, mara mbili wamewahi kushinda watu ambao uigizaji haukuwa kazi yao. Harold Russell, askari aliyepoteza mikono yote miwili, alishinda mwaka 1947 kwa kuigiza askari aliyepoteza mikono. Haing Ngor, daktari wa Cambodia aliyenusurika mauaji ya nchi yake, alishinda mwaka 1985 kwa The Killing Fields, kwa kuigiza mtu aliyenusurika mauaji hayo hayo. Lakini tazameni tofauti. Hao wawili walipewa wakiwa upande wa walioonewa, na mpiga kura alipowapigia alijiona ametenda wema. Barkhad ameigiza anayemwelekezea bunduki nahodha Mmarekani. Mzee wa miaka 62 wa California kumpigia kura huyo inamtaka autenganishe ufundi na aliyeufanya, na si wengi wanaoweza. Hata pale kibandani hawakuweza.

Hizo nafasi mbili za waigizaji wakuu nazipitia haraka. Kwa wanaume ni Matthew McConaughey. Moyo wangu uko kwa Chiwetel Ejiofor, mtoto wa Wanijeria aliyezaliwa London, aliyemwigiza Northup mwenyewe na akapewa BAFTA, lakini moyo haupigi kura. Kwa wanawake ni Cate Blanchett wa Blue Jasmine, na hapo hata msipoteze usingizi.

Kuna swali ambalo binti yangu aliniuliza kwa simu, na bado sijampa jibu la maana. Mbona wawili wetu walioteuliwa, mmoja ni mtumwa na mmoja ni haramia? Nilimwambia mwaka 2007 Forest Whitaker alichukua Oscar kwa kuigiza Idi Amin, na filamu ilipigwa Uganda kwenyewe. Akasema, "Baba, huyo naye ni dikteta, na aliyemwigiza ni Mmarekani." Alikuwa sahihi. Lupita akishinda atapigiwa simu nyingi, na swali ni za sehemu gani. Hattie McDaniel alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupata Oscar, mwaka 1940, kwa kuigiza mtumishi, na baada ya hapo waliendelea kumpa aproni. Lupita ana Yale nyuma yake na zama ni nyingine, nadhani ataweza kuchagua. Barkhad ndiye ninayemhofia. Ana uso ambao Hollywood keshaupachika bunduki, na hana cha kurudia isipokuwa yale magari na zile simu. Kwa hivyo namwombea, hata asipoitwa jukwaani Jumatatu, aitwe mahali kwa kazi nyingine. Mwalimu, daktari, mvuvi, baba wa mtu.

Sherehe inaanza saa kumi na nusu alfajiri kwa saa zetu, na tuzo za waigizaji wasaidizi kwa kawaida hutolewa mapema, kwa hivyo huenda ya Barkhad nikaijua kabla ya Alfajiri kuadhiniwa. Mwenye hoteli ana dishi na ameahidi kufungua saa kumi. Kina mama wa chai wamesema watapita kabla ya kupanda shambani, wamuone mwenzao wa mizani. Yule kijana wa kibandani naye anakuja. Nimemwambia chai yake nitailipa mimi, kwa sharti kwamba Barkhad akitajwa tu, hata akishindwa, apige makofi. Akakubali, akanipa na yeye sharti lake: stima ikipotea, mimi ndiye nitakayepanda kwenye nguzo gizani na baridi hiyo kuirudisha.